Ndizi Nayo ni Mkwe

Siku niliyompeleka mume wangu nyumbani Karagwe kwa mara ya kwanza, mama hakuuliza kazi yake wala dini yake. Aliuliza jambo moja tu: "Huyu Mholanzi wako, ebitoke anakula?"

Akala. Zilikuwa zimemenywa mbichi, zikapikwa na maharage, chumvi na mafuta kidogo, sufuria limefunikwa kwa majani ya mgomba. Akaomba sahani ya pili. Jioni bibi akawatangazia majirani kwamba mkwe ni mtu wetu, na kwa upande wa ukoo kesi ikawa imeisha.

Kauli ile ya bibi sikuisahau, maana ukifuatilia historia, ndizi yenyewe ni mkwe. Asili ya mgomba ni Kusini-Mashariki mwa Asia na New Guinea. Ndani ya ndizi za kupika tunazokula Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi, wanasayansi wamekuta damu ya ndizi-mwitu ambazo baadhi yake kwao ni kisiwa cha Java, Indonesia. Huko watu wanakaanga ndizi na kuziita pisang goreng, au wanazipika kwa tui na sukari ya mnazi na kuziita kolak. Watu wa visiwa vile walivuka Bahari ya Hindi hadi Bukini, na Kimalagasi mpaka leo ni ndugu wa lugha za Borneo.

Halafu ndizi zetu hazina mbegu. Ndege hawezi kuzisambaza, upepo nao hauwezi. Lazima mtu achimbe chipukizi, alibebe, alipande kwingine. Kwa hiyo kila kibanja unachokiona kuanzia Kayanga mpaka Murongo kimetokana na mtu kumpa mwenzake mche, mara nyingi mtu wa kutoka mbali.

Hata hicho "chakula chetu cha asili" hakikuwa cha wote. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika Novemba 1861, alishangazwa na wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa. Watawala walijivunia ng'ombe, na migomba ilikuwa zaidi kazi ya wakulima. Wageni wenyewe walipokewa vizuri. Grant, mwenzake Speke, aliugua mguu akabaki pale miezi kadhaa, analishwa na kuuguzwa.

Sasa njoo 2013. Kyerwa ilikuwa imekatwa kutoka Karagwe mwaka mmoja tu nyuma. Mwishoni mwa Julai, akiwa ziarani Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, wakiwemo waliokuwa wamezaliwa au kuolewa huku. Ndoa zilikatika katikati, mmoja ng'ambo ya Mto Kagera, mwingine amebaki na watoto na kibanja. Serikali ilikuwa na hoja zake, ujambazi na silaha, na watu waliokuwa wametekwa njiani hawakuziona hoja hizo kuwa za uongo.

Ila mimi nabaki na hesabu moja inayonisumbua. Mume wangu alitoka Ulaya, alikuwa hajawahi kushika ndizi mbichi, akapokewa kwa sahani moja. Mwanamke wa ng'ambo ya mto alikuja akijua tayari kumenya, kupika, na hata jina la chakula lilikuwa karibu lile lile. Alilima kibanja miaka ishirini. Kwa kipimo cha bibi yangu alikuwa mtu wetu toka siku ya kwanza. Kipimo kilichotumika kikawa karatasi, na wengi kama yeye hawakuwahi kuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Mume wangu siku hizi anamenya mwenyewe, vidole vyeusi kwa utomvu, na mama anamcheka. Lakini tangu mwaka ule, kila tukifika mama ana swali la pili. Akishatukaribisha ndani na chakula kikiwa bado jikoni, ananivuta pembeni: "Na vibali vyake, mwanangu, viko sawa?"