ELIMU YA MKONONI: KUTOKA MADINA MPAKA CHUMBA CHA KUOSHEA MAITI



Ndugu zangu katika imani, leo naandika nikiwa na deni shingoni.

Miezi michache iliyopita tulifiwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Mwanawe mkubwa alisoma madrasa kwangu, na alikuwa hodari. Nguzo za swala, faradhi za udhu, masharti ya kuosha maiti, yote aliyataja kwa mpangilio bila kukosea. Siku ile tukaingia chumbani kumwosha baba yake. Nikampa kata ya maji, maana mtoto ana haki zaidi ya kumsitiri mzazi wake. Kijana akasimama. Mkono unatetemeka, hajui amwagie wapi kwanza wala amgeuze vipi.

Pembeni alikuwepo mwenzake wa darasa moja. Huyu, Allah anisamehe, nilikuwa nikimwita "mzito" mbele ya wenzake, kwa sababu kuhifadhi kulimshinda. Aliacha madrasa, sasa ni fundi pikipiki. Lakini utotoni alikuwa akimchotea maji babu yake, aliyekuwa mwosha maiti. Akamshika mwenzake mkono, wakaanza viungo vya udhu na upande wa kulia, taratibu, kwa adabu, mpaka tukamaliza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikajiuliza: Mtume (s.a.w.) alifundisha namna hii niliyofundisha mimi? Turudi Madina tukatazame.

Mtume (s.a.w.) alipotengenezewa mimbari ya mbao, hakuitumia kwa hotuba tu. Amesimulia Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba alipanda juu yake akaleta takbira, watu wako nyuma yake, akarukuu akiwa huko juu. Kisha akashuka kinyumenyume, akasujudu chini penye kitako cha mimbari, halafu akapanda tena. Alipomaliza akawaeleza kuwa amefanya vile ili wamfuate na wajifunze swala yake. Fikirini hilo. Alipanda mahali pa juu ili hata wa safu ya nyuma aone kwa macho yake.

Tazameni pia kisa cha Ammar bin Yasir (r.a.). Alipata janaba safarini na maji hana. Akakisia kwamba kwa kuwa maji hupita mwili mzima, basi mchanga nao upite mwili mzima. Akagaagaa mchangani kama mnyama! Aliporudi akamweleza Mtume (s.a.w.). Hakumcheka wala hakumwita mjinga. Alipiga viganja vyake chini, akavipuliza, akapangusa uso wake na mikono yake. Somo likaisha. Nani angesahau somo kama hilo?

Na siku nyingine alimpita kijana anachuna kondoo, na kazi haijui vizuri. Akamwambia asogee amwonyeshe, akaingiza mkono wake mtukufu kati ya ngozi na nyama mpaka ukazama kwapani. Huyu ni Mtume wa Allah, yuko njiani kwenda kuswalisha, na bado akaona kijana anastahili kuonyeshwa.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka wa 8 Hijria alifariki Zaynab, binti yake Mtume (s.a.w.). Umm Atiyya (r.a.) na wanawake wenzake ndio waliomwosha. Mtume (s.a.w.) aliwapa maelekezo machache: mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, mara ya mwisho watie kafuri, na waanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Walipomaliza akawapa shuka yake wamvike karibu na mwili. Maneno yalikuwa machache, kazi yote ilikuwa mikononi mwao. Wakamsuka nywele misuko mitatu.

Elimu ile haikubaki pale. Umm Atiyya alihamia Basra, Iraq, na huko Maswahaba na Matabii walijifunza kwake kuosha maiti. Miongoni mwao ni Muhammad bin Sirin, huyu huyu mnayemjua kwa tafsiri ya ndoto, na dada yake Hafsa amepokea kwake pia.

Basra hiyo hiyo alikuwepo Malik bin al-Huwayrith (r.a.). Alipokuwa kijana, yeye na wenzake walikaa Madina siku 20, kisha Mtume (s.a.w.) akawarudisha kwao wakafundishe watu wao, akawaamuru waswali kama walivyomwona akiswali. Miaka ikapita. Malik akiwa Basra aliingia msikitini akawaambia watu kwamba ataswali mbele yao, si kwa sababu wakati wa swala umefika, bali awaonyeshe Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiswali. Alipokea kwa kuona, akafundisha kwa kuonyesha.

Ndugu zangu, sisemi tuache kuhifadhi. Bila kuhifadhi tusingekuwa na hizi hadithi. Wala sisemi watoto wagawanywe, hawa wa daftari na wale wa mikono. Ammar alikuwa Swahaba mkubwa, naye alihitaji kuonyeshwa. Ninachosema ni kwamba ibada ya viungo hufundishwa kwa viungo. Ukimfundisha mtoto kwa maneno matupu, wa kwanza kuumia ni yule anayeelewa kwa kushika, utamwita mzito. Wa pili ni yule hodari, atakwama siku ya kata na maji.

Nimekwenda kibandani kwa yule fundi nikamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Sheikh, mimi nilishasahau." Mimi sijasahau.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri tunafanya darasa la vitendo. Mmoja hulala kitandani na nguo zake, wenzake hujifunza kumgeuza, kumsitiri na kumkunjia sanda. Anayeongoza ni yule fundi. Akina mama wana darasa lao na mwalimu wao.

Walimu wenzangu, wekeni ndoo ya maji darasani. Wazazi, ukitawadha mwite mwanao asimame karibu, kisha naye atawadhe ukimtazama.

Allah amrehemu mzee wetu, atusamehe walimu tulipokosea, na atujaalie watoto watakaojua kutuosha siku yetu ikifika. Aamin.

Wabillahi tawfiq.