Jina la Ukoo Latuambia Nini? Habari za Mayahudi wa Siri wa Ureno

Somo letu la leo ni la historia, na habari yenyewe ni majina ya ukoo. Kila mtu awe na kalamu na karatasi karibu, maana mwisho wa somo iko kazi ya kufanya.

Katika Ureno, Hispania na Brazil wako Wakristo wengi wanaouliza, "Je, wazee wetu wa kale walikuwa Mayahudi?" Mmoja husema, "Jina langu ni Pereira, maana yake mti wa pea. Nimesikia kwamba kila jina la mti ni la Kiyahudi." Na tuyapime maneno hayo.

Kwanza tujue yaliyotokea. Mwaka 1391 ghasia zilianza katika mji wa Seville, Hispania, zikaenea miji mingine. Mayahudi wengi waliuawa, na wengi wakabatizwa kwa kuogopa kifo. Mwaka 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella waliamuru kwamba Myahudi asiyebatizwa aondoke nchini. Maelfu walikimbilia Ureno. Lakini mwaka 1497 Mfalme Manuel wa Ureno naye aliwabatiza kwa nguvu. Watu hao na watoto wao wakaitwa Wakristo Wapya.

Ubatizo ulileta jina jipya. Abraham Senior alikuwa Myahudi mkubwa, msimamizi wa kodi za mfalme wa Hispania. Alipobatizwa mwaka 1492, jina la Senior liliachwa, akaitwa Coronel. Wengine walipewa majina ya wasimamizi wao wa ubatizo. Wengine walijichagulia majina ya kawaida, kama Oliveira, yaani mzeituni, au Rodrigues, yaani mwana wa Rodrigo, kama sisi tusemavyo "bin". Majina hayo Wakristo wa zamani walikuwa nayo tayari. Na mtu anayejificha hachagui jina la kumtangaza. Huchagua jina la jirani yake.

Kujificha huko kulikuwa na sababu. Mwaka 1536 mahakama ya kuchunguza imani ya watu ilianzishwa Ureno. Aliyeshitakiwa kwamba anashika dini ya Kiyahudi kwa siri alifungwa na kunyang'anywa mali. Wengine walichomwa moto. Hata Mkristo wa kweli aliweza kunyimwa cheo kwa sababu bibi yake alikuwa Myahudi. Mahakama hiyo ilifutwa mwaka 1821.

Basi, Pereira ni Myahudi? Jina peke yake haliwezi kujibu. Hata hapa Afrika ya Mashariki tunao ushahidi. Katika Unguja, Dar es Salaam na Nairobi wamekaa watu wa Goa wenye majina kama Pereira na Fernandes. Wazee wao walikuwa Wahindi. Wareno walipoitawala Goa tangu mwaka 1510, wengi walibatizwa wakapewa majina ya Kireno. Jina ni lile lile, lakini asili ni nyingine.

Je, mtafutaji afanye nini? Aanze na mzazi wake, kisha babu, kisha baba wa babu, hatua kwa hatua, akitazama vitabu vya ubatizo na vya ndoa kanisani. Akifika nyuma sana, ziko hati za ile mahakama katika nyumba ya kumbukumbu ya Torre do Tombo, mjini Lisbon. Mshitakiwa aliulizwa majina ya wazazi wake, babu zake, bibi zake, wajomba na shangazi, na yote yakaandikwa. Karani aliandika ili kuchunguza ukoo wa mshitakiwa. Leo wajukuu husoma karatasi hizo hizo ili wawajue wazee wao.

Tena, asili haikai katika jina tu. Mwaka 1917 mhandisi wa migodi aitwaye Samuel Schwarz alikutana na Mayahudi wa siri katika mji mdogo wa Belmonte, Ureno. Majina yao yalikuwa ya Kireno kabisa. Lakini Ijumaa jioni waliwasha taa ya Sabato mahali pa kificho, na akina mama waliwafundisha watoto sala kwa mdomo. Walikuwa wameishi hivyo zaidi ya miaka 400. Mwaka 1996 walifungua sinagogi lao mbele ya watu wote.

Mwaka 2015 Hispania na Ureno zilianza kuwapa uraia wazao wa Mayahudi wale waliofukuzwa. Hispania ilifunga mlango wa maombi mwaka 2019, na Ureno ilikaza masharti mwaka 2022. Jina la ukoo lilihesabiwa kuwa dalili mojawapo tu. Dalili ni kama unyayo njiani: huonyesha kwamba mtu alipita, lakini hausemi ni nani.

Sasa kazi yenu. Andikeni majina ya wazazi wenu, kisha ya babu na bibi wa pande zote mbili. Msipoyajua, waulizeni wazee wangali hai. Kisha jadilianeni darasani: kila jina lilitoka wapi, na nani alilitoa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.