Njia ya Kabambare hadi Kasongo: Toka Hesabu ya Siku mpaka Hesabu ya Gurudumu

Zamani msafiri wa Kasongo ao Kabambare hakuuliza kilometa ngapi. Aliuliza siku ngapi. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilitoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Mali ya Tippu Tip, aliyeweka makao Kasongo karibu mwaka 1875, ilipita humo juu ya vichwa vya wapagazi.

Kipimo cha siku kinategemea mguu, na mguu unaugua. Mwaka 1870 Livingstone alikwama miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Na siku ya mpagazi mwenye nguvu si siku ya mama anayekimbia na mtoto mgongoni.

Gurudumu lilichelewa kufika. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, ikapita Samba. Lakini Kabambare haikupata treni. Kilichofika mpaka vijijini ni kinga, na leo bado kinga inabeba chumvi, mafuta ya mawese, hata vyombo vya familia zilizokimbia vita. Hapo ugomvi unazaliwa: mwenye kinga anataja umbali, mwenye mzigo anakataa, na bei inafuata umbali.

Gurudumu lenyewe linaweza kuamua. Kwa Kifaransa neno rayon ni moja kwa njiti ya gurudumu na kwa nusu kipenyo, yaani kipimo toka katikati ya duara mpaka ukingoni. (Njiti yenyewe ni fupi zaidi, maana haifiki nje ya tairi.) Kinga kubwa ya inchi 28 ina nusu kipenyo cha karibu sentimeta 35 na nusu. Mara mbili, unapata kipenyo: 71. Zidisha kwa 3.14, unapata mzunguko: karibu sentimeta 223. Basi kila gurudumu likizunguka mara moja, kinga imekwenda meta 2 na sentimeta 23. Mara 100 ni meta 223. Kilometa moja ni karibu mara 448.

Asiyependa hesabu atie alama ya chaki kwenye tairi na chini, asukume mpaka alama irudi chini, kisha apime kwa kamba ya meta. Afanye hivyo kinga ikiwa imebeba, kwa sababu mzigo unakandamiza tairi na mzunguko unapungua kidogo.

Kwenye safari, kitambaa chekundu kinafungwa kwenye njiti moja. Kinga yenye mzigo husukumwa polepole, hivyo hata mtoto anaweza kuhesabu kitambaa kikipita, akifunga fundo moja kwenye kamba kila mara 100. Akifika na mafundo 45, familia imetembea kilometa 10 na kidogo, pamoja na kila mzunguko wa kukwepa matope, ambao karatani hauonekani.