Kardinali: neno la bawaba lililofika Bukoba

Wadau, leo tuongee Kilatini kidogo. Msikimbie, ni neno moja tu.

Huku kwetu Nshambya na Bukoba nzima, mzee akisema "Kardinali" bila kutaja jina, anamsema Laurean Rugambwa. Lakini fungua kamusi ya Kiingereza utafute "cardinal". Utakuta pande kuu nne za dunia, namba za kuhesabia (moja, mbili, tatu), na ndege mwekundu wa Marekani. Sasa hayo yote yanamhusu vipi mzee wetu?

Mzizi ni "cardo", yaani bawaba. Ile inayoushika mlango kwenye fremu; ing'oe uone kama mlango utasimama. Ndipo likatoka "cardinalis", jambo ambalo mengine yote yanalizunguka na kulitegemea. Hivyo kaskazini na kusini zikawa pande za bawaba. Yule ndege alidandia tu baadaye, kwa sababu wekundu wake unafanana na mavazi ya makardinali!

Kanisani neno hili lilimhusu kasisi aliyepachikwa rasmi kwenye kanisa fulani, kama bawaba kwenye fremu. Baadaye likabaki kwa wakubwa wa Roma, na mwaka 1059 Papa Nikolao II akawapa usukani wa kumchagua Papa. Desturi ya kupachikwa haijafa: Rugambwa naye alipewa kanisa lake kule Roma, San Francesco a Ripa, ingawa kazi yake ilikuwa huku ziwani.

Na hapa ndipo pananigusa. Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali tarehe 28 Machi 1960, akiwa na miaka 47, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati za sasa. Tanganyika ilikuwa bado chini ya gavana wa Kiingereza. Mtu wa nchi isiyojitawala akawa mmoja wa bawaba za Roma! Alipiga kura mwaka 1963 alipochaguliwa Paulo VI, kisha mara mbili mwaka 1978. Alifariki Desemba 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.

Mwaka 2023 cheo hicho kikaja tena kwa mtoto wa Bukoba, Protase Rugambwa (msiwachanganye), mzaliwa wa Bunena. Alizaliwa mwaka gani? 1960.