Laini na Pacha Wake

Wahenga wa pwani walipotamka laini, walikusudia kitu kisicho kigumu, kwani neno hilo lilitufikia kutoka Kiarabu; lakini huku bara, katika nchi ya Wagogo, ambako Wajerumani waliifikisha reli Dodoma mwaka 1910 na Waingereza wakautwaa mji huo mwaka 1916, alikuja kuzuka pacha wake wa Kiingereza, asiye na nasaba naye hata kidogo. Huyu wa pili, ajabu, hana makao maalumu: mara ni mstari, mara ni safu ya nyumba za askari polisi, na siku hizi ni ile kadi ndogo ya simu iuzwayo chini ya mwavuli karibu na soko la Majengo, ngumu kama ukucha.