Ahadi za Betri na Hesabu Zinazoachwa Nje

Januari 2024 kampuni ya Betavolt ya Beijing ilitangaza betri ya nyuklia iitwayo BV100, itakayotoa umeme kwa miaka 50 bila kuchajiwa. Haukupita muda vyombo vya habari vya nchi nyingi vikawa vinazungumzia simu isiyohitaji chaja. Sisemi tangazo lilikuwa la uwongo. Takwimu zote za kulipima zilikuwamo humo humo: volti 3, maikrowati 100, umbo la milimita 15 kwa 15 kwa 5. Aliyekosekana ni wa kuzizidisha.

Simu janja inayotumika hula takriban wati 1, na zaidi mtu anapotazama video. Maikrowati 100 ni sehemu moja ya elfu kumi ya wati. Kwa hiyo simu moja itahitaji BV100 elfu kumi, nazo zikipangwa pamoja zinachukua nafasi ya lita 11. Mtetezi atasema betri moja yatosha, iwe inaijazia simu akiba kidogokidogo usiku na mchana. Haya, simu ya kawaida hubeba kiasi cha wati-saa 15. Kwa maikrowati 100, kuzikusanya kutachukua miaka 17. Katika miaka yake yote 50 betri hii haitavuka wati-saa 44, yaani haifikishi hata chaji tatu za simu.

Nishati imo kweli. Nikeli-63 hutoa elektroni kadiri inavyooza, na tabaka za almasi huzigeuza kuwa mkondo wa umeme. Lakini hakuna awezaye kuihimiza ioze upesi kwa sababu mwenye simu ana haraka. Mahali pake pa haki ni kwingine. Miaka ya 1970 wagonjwa walipandikizwa vifaa vya kuratibu mapigo ya moyo vilivyoendeshwa na plutoniamu-238, na vikafanya kazi miaka mingi, kwa kuwa kifaa cha aina hiyo hutosheka na makumi ya maikrowati.

Hoja yangu ni kwamba dai la betri linalovuma aghalabu hubeba namba moja ya kweli, na upotoshaji umo katika namba jirani yake iliyonyamaziwa. Betavolt ilisifiwa kwa ile miaka 50. Kasi ya kutoa nishati ikasahauliwa. Mwaka 2015, huko California, Batteriser ilipitia mlango wa pili wa upotoshaji huo. Hiki kilikuwa kifuko chembamba cha chuma chenye saketi ndogo ya kupandisha volti, cha kuvishwa betri ya kawaida ya alkali ili idumu hadi mara nane. Waliokibuni walieleza kuwa vifaa vingi huzimika volti zikishuka kufikia 1.35 au 1.4, huku asilimia 80 ya nishati ikiwa bado ndani.

Kwamba betri "iliyokwisha" hubaki na kitu, hata bibi anayeanika betri za redio juani anajua. Swali ni kitu kiasi gani. Mhandisi David Jones wa Australia alipima vifaa kadhaa akakuta vingi vinaendelea kufanya kazi chini sana ya volti hizo, na kwenye volti 1.1 betri ya alkali imeshatoa sehemu kubwa ya nishati yake. Saketi yenyewe nayo hula. Tena volti zinavyoshuka ndivyo inavyovuta mkondo mkubwa zaidi, na ukinzani wa ndani ya betri kuukuu hugeuza sehemu ya mkondo huo kuwa joto tu. Mteja hupoteza hata onyo: kifaa kitaona volti 1.5 thabiti hadi dakika kinapozimika ghafla.

StoreDot ya Israeli, iliyoonyesha mwaka 2014 simu ikijaa kwa sekunde 30, haihitaji maneno mengi. Betri ya wati-saa 10 ikijazwa kwa muda huo hudai wati 1,200, umeme wa pasi, kupitia tundu la simu.

Pingamizi zito ni kwamba lithiamu-ioni nayo ilikuwa ahadi. Ni kweli, ila tazama njia iliyopitia. Mwanasayansi Whittingham alianza miaka ya 1970 kwa lithiamu ya metali, ambayo ilileta hatari ya moto. Mwanasayansi mwenzake Goodenough akapata oksidi ya kobalti mwaka 1980. Mwingine, Yoshino, akaiondoa lithiamu ya metali na kuweka kaboni mwaka 1985. Sony ikaiuza mwaka 1991. Betri za mwanzo zilibeba kiasi cha wati-saa 80 kwa kilo, na za leo zimevuka 250. Ndiyo betri iliyofanikiwa kuliko zote katika vifaa vya mkononi, na imechukua miaka thelathini kuongezeka mara tatu. Anayeahidi mara kumi ifikapo mwakani ndiye anayedaiwa ushahidi, si msomaji anayesita.