Mathare Walishatufunza: Kujitolea Si Kufanywa Mjinga

Lazima ushaona hili tangazo: "Tunatafuta vijana wa kujitolea. Hakuna malipo, lakini mtapata uzoefu." Umemaliza chuo, nauli yenyewe unakopa, halafu unaambiwa ufanye kazi ya mtu miezi sita bure. Kwa hivyo nikisema kujitolea kuna maana, najua wengine mtanicheka. Sawa, chekeni, lakini kwanza turudi Mathare, mwaka wa 1987.

Mwaka huo Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi ya mazingira hapa Nairobi, alianzisha na vijana wa mtaa chama cha michezo ambacho leo tunakijua kama MYSA. Watoto walikuwa wanapiga mpira wa karatasi za nailoni na kamba, taka zimejaa kila kona, mitaro imeziba. Mvua ikinyesha, uchafu unaingia kwa nyumba na magonjwa yanafuata.

Basi wakaweka sheria moja: ukitaka kucheza ligi, timu yako pia itasafisha mtaa. Na si usafi wa kupigwa picha. Timu ikimaliza kazi yake, inapata pointi, na hizo pointi zinaingia kwa jedwali la ligi. Yaani mnaweza kuwafunga watu kila wikendi na bado mkose ubingwa kwa sababu mlikwepa koleo!

Sehemu inayonigusa zaidi ni karo. Kijana aliyefunza wadogo mpira, akawa refa, au akaongoza usafi, alikusanya pointi zake mwenyewe. Waliofanya vizuri walilipiwa karo, na pesa zilienda moja kwa moja shuleni. Hakuna aliyewaambia wasubiri baraka mbinguni.

Mwaka wa 1994 ikazaliwa Mathare United. Wachezaji walitoka kwa hizo ligi za mtaani, na hata wakiwa mastaa walitakiwa kuendelea kufanya kazi ya jamii. 1998 wakabeba Moi Golden Cup. 2008 wakawa mabingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Watoto wa mitaro, manze!

Sasa ona tofauti. Kule Mathare, aliyefaidika na jasho la kijana alikuwa jirani yake, mdogo wake, na yeye mwenyewe. Kwa lile tangazo la juu, anayefaidika ni bosi ambaye hataki kulipa mshahara. Hiyo ni kazi ya bure iliyovalishwa jina zuri.

Kwa hivyo ukiitwa kujitolea, uliza maswali mawili: nani atafaidika hapa mtaani? Na mimi nitatoka na nini mkononi? Ukipata majibu ya kueleweka, chukua koleo twende. Ukizungushwa, jua umeitwa kibarua bila malipo.

Mtaa wako una mtaro gani umeziba? Anzia hapo.